Mihogo Mbele ya Mlango wa Zimamoto

Mwezi uliopita tulimzika Mama Kavira huku Bwera, na mvua ikatukuta katikati ya ibada. Parokia ilikuwa imetuazima turubai lake la zamani, lile la kitambaa kizito, si haya ya nailoni ya siku hizi. Lilipolowa likaanza kutoa harufu yake: uchachu kidogo, vumbi kidogo, na kitu kama kamba iliyokaa muda mrefu kisimani. Wenzangu walisogeza viti ili wasidondokewe. Mimi nilibaki palepale chini ya tundu, matone yakinigonga begani, kwa sababu pua yangu ilikuwa imeshanitoa Bwera na kunirudisha Kasese, kwenye uwanja wa kituo cha zimamoto, nikiwa na miaka tisa na miguu mitupu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa ikinuka mipira ya maji ya zamani, ile iliyofumwa kwa kitambaa kabla ya mipira ya sasa. Nilikua ndani ya harufu hiyo. Tuliishi katika vyumba viwili nyuma ya kituo, na Baba ndiye aliyekuwa mkuu wa kituo, ingawa ukuu wenyewe ulikuwa juu ya mtu mmoja tu, dereva aliyeitwa Kule. Watu wa mjini walimwita Baba Afande. Mama alimwita Afande pia, siku alizotaka kumchokoza.

Kituo kilijengwa enzi ambazo shaba ya mgodi wa Kilembe ilikuwa ikiteremka bondeni na treni ikiipokea Kasese. Mji ulikuwa na maghala, mapipa ya mafuta na mbao kila mahali, na wakubwa wa wakati huo waliona kwamba mji wa namna hiyo haufai kulala bila zimamoto. Baba alipenda kunisimulia kwamba siku za mwanzo walikuwa kumi na wawili, wenye kofia za chuma na viatu vya kung'aa, na kwamba kengele ikilia hata wachuuzi wa soko walipiga saluti. Shaba ilipokoma, wale watu nao walipungua mmoja mmoja, bila ugomvi na bila sherehe ya kuagana. Nilipopata akili walikuwa wamebaki wawili, gari moja jekundu, kengele ya shaba, na mnara.

Mnara ndio uliokuwa fahari yangu. Ulikuwa mrefu, mwembamba, mtupu ndani, na kazi yake ilikuwa moja: kuanika mipira. Mpira wa kitambaa ukikunjwa na maji yake unaoza, kwa hiyo kila baada ya kazi Baba na Kule waliuosha kwa brashi, wakaufunga kwenye kamba, wakauvuta hadi juu, ukaning'inia humo siku mbili au tatu ukichuruzika. Mimi nilisimama chini na kuoga. Mama hakupenda, alisema nanuka kama hema la wakimbizi.

Gari tuliliita Bibi Harusi, maana lilikuwa linapambwa kila siku na halitoki nyumbani. Nisiwadanganye, lilikwenda kwenye sherehe nyingi kuliko kwenye moto. Lilimwagia maji uwanja wa mpira, liliongoza maandamano, na siku moja lilimwokoa paka wa padri, kazi iliyochukua asubuhi nzima kwa sababu paka mwenyewe hakutaka. Lakini Kule alilitunza kana kwamba Kasese nzima ingeungua kesho yake. Kila asubuhi aliliwasha, akalisikiliza kichwa kikiwa kimeinama, kisha akalizima na kuinua kidole gumba kwa Baba. Sikumbuki hata asubuhi moja ambayo kidole kile hakikuinuka. Naomba mliweke hilo moyoni, tutalirudia.

Mbele ya milango mikubwa ya gari palikuwa na sakafu pana ya saruji. Mnaoijua Kasese mnajua jua lake. Saruji ile ilishika moto tangu saa nne asubuhi, na hapakuwa na uwanja mzuri wa kuanikia kuuzidi mjini kote. Wakulima wa Mahango walioteremka na kahawa yao waliutazama kwa macho ya kutamani. Baba aliwafukuza wote, kwa upole lakini bila mzaha. Alikuwa amechora mstari wa njano kutoka pembe moja ya jengo hadi nyingine, na kila mwaka aliupaka rangi upya, akiwa amepiga magoti. Ndani ya mstari hakiwekwi kitu. Hata mbuzi wa jirani walikuwa wamejifunza.

Sasa nimlete Mama Kavira. Alikuwa fundi cherehani aliyetoka upande wa Butembo, Kongo, wakati wa vita, akavuka mpaka na cherehani kichwani na mtoto amemshika mkono. Mtoto alikuwa Kavira. Homa ilimwua njiani, kabla hawajafika kwetu, na kwa hiyo sisi watu wa Kasese tulimwita mama kwa jina la mtoto ambaye hatukuwahi kumwona. Nasema hatukuwahi, lakini mimi nilimwona. Juu ya cherehani, katika chumba chake cha kupanga chini ya soko, palikuwa na picha moja tu ukutani: msichana wa umri wangu, amesimama mbele ya ukuta wa kanisa, mkono mmoja umeshika pindo la gauni. Nilipokwenda kusaidia kuokota vipande vya vitambaa nilikuwa namtazama hadi namsemesha. Sikuwa na dada. Mama Kavira alinisikia siku moja nikimwambia Kavira habari za shule, akaendelea kushona bila kuinua kichwa.

Msimu ule mwanamke mmoja alikuwa amempa magunia mawili ya mihogo kwa malipo ya nguo za Komunyo. Aliiloweka na kuimenya, lakini chumba chake kilikuwa kwenye kivuli cha ghala kutwa nzima na mihogo ilianza kuota ukungu. Akaja kwa Baba.

"Afande, naomba tu fasi kidogo ya kuanika mihogo. Kwangu jua haiko."

Baba akatikisa kichwa, akamwonyesha mstari. Mama Kavira akashukuru na kuondoka bila neno la pili, na hilo ndilo lililoniuma. Nilimng'ang'ania Baba siku nzima. Nilimwambia nitailinda mwenyewe, mbuzi hatagusa, nitaanua kabla ya jioni. Nilikataa chakula, ambalo lilikuwa jambo geni kwangu. Mwishowe akasema sawa, lakini ikae juu ya turubai, pembeni kabisa, ubavuni mwa mnara, nje ya mstari.

"Biira, ikipita huu mustari natupa yote," alisema. "Umesikia?"

Nilisikia. Siku mbili nililinda kama askari wa mpakani. Siku ya tatu, ambayo ilikuwa ya gulio huku Bwera, Mama Kavira alipanda gari la alfajiri kwenda kutafuta vitambaa vya bei nafuu, akaniachia mihogo yake na neno moja: "Uniangaliye muzuri, mutoto yangu." Aliponiita hivyo nilijiona mrefu kuliko mnara.

Na mnara wenyewe ndio ulioniponza. Nilikuwa sijawahi kukaa pale kutwa, sikujua kwamba baada ya adhuhuri kivuli chake huzunguka. Kikaanza kulamba pembe ya turubai. Nikalivuta kidogo kuelekea juani. Kivuli kikafuata. Nikalivuta tena. Sikuwa na nia ya kuvunja amri ya mtu, nilikuwa nafuata jua tu, shibiri kwa shibiri, huku nikiipindua mihogo kwa mikono yangu na kujisifu jinsi inavyokuwa myeupe. Milango ya kituo ilikuwa imefungwa kwa ajili ya vumbi, Baba alikuwa ndani akirekebisha kitasa, Kule akifuta vioo. Nilipotazama chini nilikuwa nimeshavuka mstari wa njano, na turubai lote lilikuwa limelala katikati, mbele ya milango. Nikasema moyoni nitarudisha jua likipungua.

Mwendesha boda alifika akipiga kelele kabla hajasimama. "Afande! Moto! Kwa manyumba ya chini ya soko!"

Kengele ikalia. Ndani nikasikia Bibi Harusi akiwaka, mara moja, ule mngurumo wake mzito ambao ningeutambua hata usingizini. Milango ikafunguka. Na pale mbele ya gari nilikuwa mimi, mikono nimeitandaza, nyuma yangu mihogo ya Mama Kavira.

"Baba, usikanyage! Ni ya Mama Kavira!"

Ni lazima mwelewe jinsi tulivyolelewa. Kwetu milimani mtoto aliyeruka juu ya muhogo ulioanikwa alipigwa kofi, na aliyeukanyaga alipigwa na bibi yake mbele ya watu. Bundu, ule ugali wetu wa muhogo, ndio uliomlea Baba kwenye mteremko wa Mahango, na mama yake alilima muhogo akiwa amejifunga kamba ili asiteleze. Kule alikanyaga breki. Akatoa kichwa dirishani.

"Afande, nipite?"

Baba alinitazama mimi, akaitazama mihogo. Uso ule sijausahau. Kisha akasema, "Ngoja," akashuka.

Akashika pembe moja ya turubai, mimi nyingine, Kule ya tatu. Pembe ya nne haikuwa na mtu. Tulipovuta, mihogo ikamiminika chini ya magurudumu, na turubai likachanika. Basi wazima moto wawili wa Kasese, wakiwa na kofia zao za chuma, wakapiga magoti kwenye saruji na kuokota mihogo pamoja nami, kengele ikiwa bado inatikisika juu ya vichwa vyetu. Kule, ambaye alikuwa Mkatoliki wa kila siku, alikuja kuniambia baadaye kwamba tulichukua muda wa kusali fungu moja la rozari, Salamu Maria kumi. Si muda mrefu. Jaribuni kusali mkiwa mnanusa moshi.

Walipoondoka nilikaa pale na mihogo yangu imekusanywa ukutani, hata kipande kimoja hakikukanyagwa. Nilijisikia vizuri. Nawaungamia hilo, kwa kuwa ndilo linalonichoma kuliko yote: nilikaa pale nikiwa na furaha.

Moto ulikuwa umeanzia kwenye jiko la makaa la jirani yake Mama Kavira. Waliokoa vyumba vinne kati ya sita. Hakuna mtu aliyeumia. Lakini paa la Mama Kavira lilikuwa limeanguka dakika chache tu kabla gari halijakunja kona, na umati uliokuwa na ndoo za maji ya mfereji ulimgeukia Baba kwa hasira. Mama alikuwepo, ndiye aliyetusimulia. Walimwuliza alikuwa wapi. Walimwuliza kama alikuwa amelala. Baba akavua kofia.

"Gari ilikataa kuwaka," akasema.

Mama alisema Kule alifungua mdomo, akamtazama Baba, akaufunga. Wiki nzima hakuzungumza naye ila kwa habari za kazi. Baba alikuwa amelitukana gari la Kule mbele ya mji mzima.

Mama Kavira alirudi jioni, vitambaa vikiwa kichwani. Alisimama mbele ya majivu. Cherehani ilikuwa chuma kilichopinda. Hakuulizia cherehani. Aliuliza kama kuna mtu aliyetoa picha ukutani, akamwuliza kila aliyekuwa pale, mmoja mmoja, na kila mmoja akatikisa kichwa. Baba alimwendea na kumwambia gari lilikataa, akamwomba msamaha.

"Haiko makosa yako, Afande," Mama Kavira akajibu. "Mashini ni mashini."

Alilala kwetu majuma mawili. Siku ya pili aliikuta mihogo yake ukutani, mikavu, myeupe, na hapo ndipo nilipomwona akilia kwa mara ya kwanza. Alisema Mungu amechukua yote lakini amemwachia mihogo. Akaitwanga, akampa Mama nusu ya unga. Kila jioni Baba alinawa mikono, akakaa, akala bundu la mihogo ile, tonge baada ya tonge, mpaka sahani ikawa tupu. Mimi nilimtazama nikafikiri: anakula vizuri, basi hajakasirika.

Usiku mmoja, kabla hatujalala, Mama Kavira aliniita mkekani kwake. "Weye ulimuonaka sana kwa ile foto," aliniambia. "Robe yake ilikuwa rangi gani? Minaanza kusahau." Rangi ya gauni lile sikuijua, picha ilikuwa nyeusi na nyeupe. Nikamwambia njano. Akatabasamu, akasema ndiyo, ilikuwa njano.

Wakubwa walikuja kuliangalia gari. Kule aliliwasha, likawaka, na Baba akasema leo limekubali. Sijui ni nini kingine angesema. Habari ilikuwa imeshaenea kwamba Kasese ina gari la zimamoto lisiloaminika, na gari lisiloaminika halina faida kwa mtu. Likachukuliwa kwenda kuegeshwa penginepo, halikurudi. Kituo kikafungwa mwaka huohuo. Kule akaenda kuendesha mabasi madogo ya Fort Portal. Baba akawa mlinzi wa ghala la kahawa, na huko alichora mstari wa njano mlangoni ambao hakuna aliyemwomba auchore.

Shuleni waliniita Gari Bovu. Nilivumilia kwa miaka, kisha nikaacha kuvumilia, na hasira yangu nikaielekeza kwa Baba. Niliamini alidanganya ili kulinda kazi yake, na kazi yenyewe ikampotea. Nilimwona mwoga. Nikiwa na miaka kumi na sita, tukiwa mezani, nilimwuliza kwa nini alisema uongo. Mama akaweka kijiko chini. Baba alinitazama kwa uso uleule wa siku ya mihogo, akasema, "Kula, Biira. Chakula inapoa." Nilisimama nikaacha sahani yangu imejaa. Tangu siku hiyo hatukuwahi kukaa tukazungumza kama baba na mtoto, na miaka minne baadaye alikufa, mimi nikiwa nasoma mbali. Nilifika siku ya mazishi. Kule ndiye aliyeniletea kofia ya chuma, akaniambia tu, "Ile gari iliwaka. Weye unajua." Nikasema najua. Nilidhani anamlaumu Baba kama mimi.

Nilihamia Bwera kufundisha, na Mama Kavira alikuwa ameshahamia huku miaka mingi, ana cherehani nyingine na wanafunzi wawili. Nikaamua kumweleza ukweli wa siku ile. Nilijiandaa wiki nzima, nikanunua sukari na sabuni kama mtu anayekwenda kuomba radhi. Tukakaa. Kabla sijafungua mdomo akaanza kumweleza mwanafunzi wake mimi ni nani.

"Huyu ndiye alinilindia mihogo," alisema. "Nyumba ilichomeka, foto ya Kavira ilichomeka, lakini mihogo ilibakia. Tulikula mwezi muzima. Kama haiko ile mihogo mi ningekufa na uchungu."

Nikamtazama usoni, na hapo, nikiwa mtu mzima mwenye watoto wawili, ndipo nilipomwelewa Baba. Hakudanganya kwa ajili ya kazi. Hata kwa ajili yangu, nadhani, ilikuwa ni sehemu tu. Alikuwa amesimama mbele ya yale majivu akajua kwamba mama huyu angeweza kuishi bila picha kama ni gari lililokataa. Asingeweza kuishi akijua kwamba picha ya mtoto wake iliungua wakati watu wakiiokota mihogo yake. Na mji usingemwachia, mkimbizi aliyezuia zimamoto kwa magunia mawili. Kwa hiyo alimpa kitu kingine cha kulaumu. Alimpa Bibi Harusi, na kituo, na jina lake. Kisha akakaa mezani kila jioni akala.

Nikampa sukari na sabuni yangu, nikamwambia nimekuja kumsalimu tu.

Nilikuwa nikimtembelea kila Jumapili tangu hapo. Alipozeeka aliniuliza mara kwa mara habari za gauni, na nilimjibu njano, pindo limeshikwa na mkono wa kulia, ukuta wa kanisa nyuma, ingawa ukweli ni kwamba sura ya Kavira imeshanitoka kabisa. Jumapili yake ya mwisho alikuwa kitandani, amenishika kidole.

"Baba yako alikuwa mutu muzuri," alisema. "Ni ile gari tu. Gari ilikuwa imekufa, eh?"

"Ilikuwa imekufa, Mama," nikamjibu.

Sasa amelala huku Bwera, turubai la parokia limekauka na kukunjwa, na hakuna tena mtu ambaye uongo ule unamlinda. Basi niacheni nilirudishie lile gari heshima yake, na Baba aliyenisubiri miaka minne mezani nami sikukaa. Gari lilikuwa zima. Liliwaka mara ya kwanza.